Maporomoko ya Zamu

Mimi Dorkas nikisema jambo nimesema, na nilishasema kwamba nikiwa na akili zangu timamu sihamii Kibaha. Kibaha nimefika, nimepaona. Joto linakukalia kifuani tangu unapofumbua macho, na jirani humjui mpaka afiwe. Lakini mwanangu Dickson anayeishi huko, tangu baba yake, mume wangu Ebenezer, atutoke, kila Jumapili baada ya ibada ananipigia simu na wimbo ni ule ule: mama uko peke yako mlimani, mama ukianguka nani atakuokota, mama nyumba yote hiyo unamfagilia nani. Mwaka huu akachoka kubembeleza. Akaniambia kwa heshima zote kwamba Krismasi atakuja na gari, na akishuka anashuka na mimi, na nyumba tutawapangisha walimu.

Nililia siku ile, sifichi. Kisha nikakasirika, na hasira ikanisaidia kuliko machozi.

Nyumba ya Ebenezer si kibanda. Ni jengo la mawe, lina vyumba vya kutosha ukoo, vitanda alivichonga mwenyewe, na baraza yake inatazama chini mpaka tambarare ya Makanya. Asubuhi mawingu yanakuwa chini yako, wewe umekaa juu yake na kikombe cha chai. Treni ikipita kule chini unaiona ndogo kama mdudu wa kwenye maharage. Sasa nyumba kama hiyo niifunge niende kukaa Kibaha nikitazama ukuta wa jirani? Thubutu!

Aliyeniokoa ni Careen, binti wa marehemu kaka yangu. Careen amesomea mambo ya hoteli Moshi, cheti anacho, kazi hana, na domo analo. Akaniambia, shangazi, watu siku hizi wanalipia kulala kwenye nyumba za watu milimani, wanakula chakula cha wenyeji, wanatembezwa, wanarudi kwao wanasimulia. Nikamwambia acha kunichekesha. Hakuacha. Tukapaka chokaa, tukanunua mashuka meupe, tukapiga picha, akazirusha mtandaoni. Dickson alipoambiwa alicheka mpaka nikaondoa simu sikioni. Nani apande mlima wote huo aje kulala kijijini kwetu Vudee? Ila kwa kuwa ni mwanangu na haki anaijua, akakubali: nikipata kampuni hata moja ya kuniletea wageni kwa mkataba kabla ya Krismasi, nibaki, na taa za sola atanunua yeye. Nisipopata, nifunge virago.

Picha zilikuwa nzuri zote. Makande kwenye chungu, baraza na mawingu, kitanda kimetandikwa mpaka unakionea huruma kukilalia. Lakini iliyowapagawisha watu ni moja, ile niliyosimama chini ya maporomoko ya maji na mwavuli wangu wa kanisani, nacheka mdomo wazi, maji meupe yanashuka nyuma yangu kutoka juu ya jabali. Careen aliandika chini yake: maporomoko, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Hakusema uongo. Ni hapo hapo nyuma ya migomba.

Mwezi wa kumi ujumbe ukaja kutoka Unguja. Bi Salha na mumewe Hamidu wana ofisi yao ya kupokea watalii wanaokwenda visiwani. Wanawachukua uwanja wa ndege, wanawazungusha Mji Mkongwe, wanawapeleka kwenye mashamba ya viungo, wanawalaza nyumba za pwani. Sasa wageni wao, wakishaungua na jua, wanaulizia mlima na baridi. Hao wawili walikuwa wanatafuta nyumba moja tu ya kuwapeleka, na wameona picha ya yule mama mwenye mwavuli. Wangekuja walale usiku mmoja, waone wenyewe, waamue.

Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni mpaka kuku wakatawanyika.

Walifika Ijumaa alasiri, gari lao jekundu kwa vumbi la barabara ya kutoka Same. Bi Salha ni mwanamke mnene wa furaha, mwenye macho ya kuona kila kitu. Hamidu mrefu, mkimya, kamera shingoni. Bi Salha aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, kisha akasimama barazani akatazama chini mpaka tambarare ya Makanya. Halafu akasema mashallah, na mimi nikapumua.

Chakula nilikuwa nimejipanga. Jogoo alichinjwa na Sefu wa dukani ili wageni wale kwa amani, na Sefu mwenyewe akaniambia niwaambie jina lake wasije wakajiuliza. Makande yalichemka tangu asubuhi, mahindi yamepasuka, maharage yamelainika, nikayaunga kwa maziwa na vitunguu. Chai nikaipiga tangawizi kisawasawa. Bi Salha akala, akaongeza, akanichokoza: yeye kasikia Wapare wana mkono wa birika, mbona huyu anamjazia sahani mpaka inamwagika? Nikamwambia hiyo ni siasa ya Wachaga, na kama anataka ushahidi aongeze tena. Hamidu akasukuma sahani yake mbele bila maneno, nikaijaza. Moyo wangu ulikuwa unaruka. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua pa kuweka taa za Dickson.

Tulipofika kwenye ndizi mbivu Bi Salha akasema kesho watapumzika, watakunywa chai taratibu, kisha nitawapeleka kwenye maporomoko, kisha watashuka kuwahi Same. Hasa maporomoko. Ndiyo yaliyowatoa kwao. Nikamjibu kwa mdomo mpana kwamba hilo halina shaka.

Nikaingia jikoni na vyombo. Careen alikuwa ameinamia beseni, akanyanyua uso polepole, akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu wa Vudee angesahau isipokuwa mtu aliyelewa furaha.

"Shangazi, kesho ni zamu ya nani?"

Sufuria iliniponyoka.

Ngoja niwaeleze nyie ambao si wa huku. Juu ya nyumba yangu kuna ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kukingia maji, walilichimba babu zetu, na sisi tunalizibua tope kila mwaka. Kiangazi kijito ni chembamba, kwa hiyo maji yote yanazuiwa ndivani usiku kucha yajae, na alfajiri mwenye zamu anafungua. Yakifunguliwa yanapita kwenye mfereji nyuma ya jiko langu, yanaruka jabali, yanapokelewa chini na mfereji mwingine, yanakwenda shambani kwa mwenye zamu. Kabla jua halijawa kali yamekwisha. Basi. Hapo jabali linabaki jiwe kavu mpaka alfajiri nyingine.

Kwetu huhitaji kuelezwa. Mtoto wa Vudee akisema twende tukaoge maporomokoni anajua ni asubuhi gani na maji ya nani. Picha yangu ilipigwa siku ya zamu yangu mwenyewe, niliyafungua kwa raha zangu, saa niliyotaka, mwavuli mkononi. Wala haikutupitia akilini, mimi wala Careen na cheti chake, kwamba kuna watu duniani wanaodhani maporomoko yanaporomoka tu, siku zote, bure.

Na kesho, nilihesabu kwa vidole nikarudia, ilikuwa zamu ya Vitus.

Vitus ni jirani yangu wa upande wa chini. Alikuwa rafiki wa Ebenezer wa kufa na kuzikana, Mkatoliki wa kila misa, na mimi nimemshtaki. Kuna mgrevilea mpakani kwetu. Mimi nasema ulipandwa na mume wangu, yeye anasema ulipandwa na yeye. Mazishi ya Ebenezer hayajapoa, Vitus akapanda akakata tawi kubwa kuliko yote bila kunibishia hodi. Nikampeleka baraza la kata. Kesi imetajwa, imeahirishwa, imetajwa tena, mpaka wazee wa baraza wanatutambua kwa vikohozi. Tuliambiwa mpaka iishe mtu asikanyage upande wa mwenzake. Tangu siku hiyo hatuitani majina. Yeye ananiita mlalamikaji, mimi namwita mlalamikiwa, na hata tukikutana msibani tunasalimiana hivyo hivyo.

Huyo ndiye wa kwenda kumpigia magoti. Na Vitus anafungua maji mapema kuliko wote, jogoo wanaamshwa na yeye. Wageni wangu wakimaliza chai, maji yatakuwa yameshanywewa na maharage yake.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nikamwacha Careen awasimulie wageni habari za hifadhi ya Mkomazi na faru, nikateremka kupitia migomba nikisema na nafsi yangu kwa sauti. Nilimkuta amekaa kwenye kigogo, ananoa panga. Nikasimama chini ya ule mti, upande wangu, vidole vya miguu kwenye mpaka.

Nikamwambia nina shida. Akasema niiseme nikiwa hapo hapo nilipo, asije akaonekana amenikaribisha. Jamani, ulimi ulikuwa mzito kama nimemeza unga mkavu, lakini nilijikaza kisabuni nikamweleza yote. Wageni, picha, maporomoko, Dickson, Kibaha. Nilipofika kwenye Kibaha nikajifanya nakohoa. Alikuwa ameacha kunoa.

"Uniwekee maji mpaka wageni wanywe chai," nikasema. "Ukifanya hivyo nakwenda barazani nafuta kesi. Mti uchukue."

Hakunitazama. Aliutazama mti, tangu chini mpaka juu, mpaka kwenye kovu la lile tawi.

"Kesi ni kesi, maji ni maji. Usinichanganyie."

"Kwa hiyo utanisaidia, au hunisaidii?"

"Maharage yangu yanatoa maua, mlalamikaji. Nenda kahudumie wageni wako."

Akarudi kwenye panga lake. Nilipanda kwangu nimefura, namtukana kimoyomoyo kwa Kipare na kwa Kiswahili, na wakati huo huo najua ana haki. Maharage yakiwa kwenye maua ukayakosesha maji ya alfajiri, umejikosesha mavuno. Jua la kiangazi likishapanda linayanywa maji mferejini kabla hayajafika matuta ya mwisho. Mimi nisingemfanyia mtu hivyo. Labda Ebenezer angefanya, yeye alikuwa na moyo laini.

Sikulala vizuri. Alfajiri nikafungua dirisha la jikoni nikategea sikio mfereji. Maji ya ndiva yakipita yanasikika, yanagugumia kama mtoto anayenyonya. Nikasikiliza. Kimya. Ndege wakaanza, jogoo wa Sefu akawika, mwanga ukaingia migombani, na mfereji kimya vile vile. Hajafungua! Nilicheza peke yangu mbele ya mafiga, Careen akaingia akanikuta, akacheza na yeye bila kuuliza.

Chai ya asubuhi hiyo niliipika nikiimba pambio. Viazi vitamu, mayai, parachichi, maziwa ya moto, asali ya nyuki wa msituni. Bi Salha akasema kwao angekuwa ameshavua shali, hapa anaomba ya pili. Mawingu yalikuwa yamejaa bondeni chini ya baraza, Hamidu anapiga picha bila kupumzika, nami nawahimiza kwa adabu, wageni wangu tuwahi, tuwahi. Tukatoka, mimi mbele na mwavuli wangu, Careen nyuma na birika la chai kwenye kikapu.

Tukafika jabalini. Kavu.

Nilijua litakuwa kavu, nilikuwa nangoja tu Vitus atuone kutoka juu afungue. Nikawakalisha kwenye mawe, nikawamiminia chai, nikaanza hadithi. Niliwasimulia mababu walivyochimba ndiva, nikawasimulia wajomba zangu, nikatia chumvi, nikaishiwa. Jua likapanda, likafika kwenye jabali. Mjusi akatoka akaota jua pale pale nilipokuwa nimesimama na mwavuli kwenye picha. Bi Salha akafungua simu yake, akaitazama picha, akalitazama jiwe, akaitazama picha tena. Hamidu akafunika kamera.

Ndipo likanijia jambo baya. Labda Vitus hakuchelewesha chochote. Labda alifungua usiku wa manane, usingizi ulipokuwa umenipitia, akamaliza mambo yake akaenda kulala. Mfereji ni mfereji, hauachi barua. Na mimi mjinga nimecheza mbele ya mafiga.

Niliiona Kibaha mbele yangu, na ukuta wa jirani, na mimi kwenye kiti cha plastiki. Careen alinikonyeza niseme kitu, neno lolote, nidanganye kuwa bomba limeziba. Lakini yule mama alikuwa amekula makande yangu akaongeza. Nikakunja mwavuli.

"Bi Salha, picha ni ya kweli, ila jana nilikuitikia haraka," nikasema. "Haya maporomoko yana zamu. Maji ni ya kumwagilia, yanafunguliwa alfajiri na mwenye siku yake. Siku ile ilikuwa yangu. Leo si yangu."

"Kwa hiyo maporomoko yana mwenyewe?"

"Yana wenyewe wengi. Leo ni ya mtu niliyemshtaki."

Hamidu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia, na alikuwa na kicheko kizito kizuri, lakini mkewe hakucheka. Aliniambia kwa upole kwamba nyumba ameipenda, chakula amekipenda, mimi amenipenda, lakini kazi yao ni ya ahadi. Mgeni ametoka mbali ameahidiwa maji, akionyeshwa jiwe, atamwambia nini? Akajikung'uta vumbi, akamwambia Hamidu waende wakafunge mizigo. Nami nikainama kuokota vikombe, maana nilikuwa nimeshaanza kulia na sikutaka wanione.

Nikiwa nimeinama hivyo, ndege wakatoka.

Kuna viota vya ndege kwenye nyufa za jabali lile. Wote walitoka kwa pamoja, kundi zima, wakapiga kelele. Nilijua kabla sijanyanyua kichwa. Nikasikia juu kule mgugumio, kisha upepo wa baridi ukatupiga usoni ukiwa na harufu ya tope na majani. Nikamshika Bi Salha mkono nikamvuta nyuma kwa nguvu, adabu niliiweka pembeni, nikamwambia simama hapa usisogee, tazama juu.

Kwanza lilikuja tope, jekundu, limebeba majani makavu na vijiti. Likachungulia ukingoni, likamwagika. Kisha maji yenyewe yakafika. Mungu wangu! Mimi nimezaliwa na maporomoko yale, nimeyaoga, nimeyafulia, sijawahi kuyaona hivyo. Yalijaa jabali upande hadi upande, yakaruka mbele mbali na jiwe, yakatua kwa kishindo kilichonitetemesha miguu. Yakageuka meupe. Mjusi sijui alikwenda wapi. Hamidu alikuwa ameshapiga goti ndani ya maji na viatu vyake, anahangaika na kifuniko cha kamera, na Bi Salha, mwanamke mwenye ofisi yake, alikuwa anarukaruka mahali pamoja kama mtoto aliyenunuliwa kiatu, baibui limelowa chapachapa, ananipiga begani na kusema yamekuja, bibi wewe, yamekuja, nimeyaona yakija!

Nilifungua mwavuli. Sijui kwa nini, tulikuwa tumeshalowa wote. Tukasimama chini yake tunacheka na kulia.

Alipopata pumzi akaniuliza yanakwenda wapi. Nikamwambia shambani. Akasema basi twende nayo. Haikuwa kwenye ratiba, lakini nani wa kumzuia? Tukateremka tukiyakimbiza, yale maji yanatangulia mferejini yakisukuma majani mbele yake, sisi nyuma, Careen anapiga vigelegele na birika lake, mpaka tukafika chini ya mgrevilea. Pale nikasimama ghafla. Mbele yangu ni kwa Vitus.

Alikuwa anakuja kutoka ndivani kwa njia yake, jembe begani. Amevaa koti lake la misa, lile jeusi, suruali ameikunja mpaka magotini. Aliwasalimia wageni vizuri sana, akawapa pole ya safari, kisha akanigeukia mimi kama mtu aliyekosewa.

"Maji ya alfajiri yalikuwa machache," akasema. "Nikaona hayafai kwa wageni. Nikayaacha yajae."

Nilitazama shamba lake. Jua lilikuwa kali. Maji yalikuwa yanaingia tuta la kwanza na udongo unayanywa kwa kiu, na kule mwisho maua meupe ya maharage yalikuwa yameshaanza kulegea. Yalikuwa yakingoja maji tangu alfajiri. Vitus alijua, ndiyo maana alikuwa anatembea haraka na koti la kanisani.

Sikuliuliza baraza la kata. Nilimpa Bi Salha mwavuli, nikapandisha kitenge, nikavuka mpaka. Nilichukua jembe lililokuwa limeegemea kigogo, nikaenda moja kwa moja matuta ya chini kuyafungulia njia ili maji yasizurure, na Careen akaziba kwa juu kwa tope kila tuta lililoshiba. Vitus alifungua, mimi nikaziba, nikafungua, yeye akaziba, kama tulivyokuwa tukifanya sisi watatu Ebenezer akiwa hai. Hamidu alivua viatu akaja na mikono mitupu, hajui chochote, akawa anaondoa majani mferejini. Tuligombana na jua lile hatua kwa hatua. Tulipofika tuta la mwisho maji yalikuwa membamba kama kamba, lakini yalifika. Niliketi chini kwenye tope na kitenge changu kizuri, nikasema asante Yesu.

Bi Salha alikuwa amekaa kwenye kigogo chini ya mti na mwavuli wangu, anatutazama. Aliniita nikakae naye. Akaniambia wamekubaliana, yeye na Hamidu, tangu kule jabalini, kwa macho tu. Mkataba wataleta.

"Ila wageni wangu watakuja siku za zamu, na mwenye zamu atawalisha mchana, kwa malipo yake," akasema. "Maji ya kila siku mie ninayo, bibi. Yananizunguka pande zote. Haya ya kungoja sijapata kuyaona."

Nilimkumbatia na tope langu lote. Kisha nikampigia Dickson simu pale pale. Nilimwambia anunue taa, na anunue nzuri. Akaanza kuniuliza nina uhakika, wamesaini, nimeelewa masharti, nikamwambia Dickson mwanangu nakupenda, sina muda, nina wageni, nikakata.

Careen akapanda nyumbani akarudi na chungu cha makande ya jana, niliyokuwa nimeyapasha asubuhi kwa ajili ya safari yao. Tukala wote chini ya mgrevilea. Vitus alipokea sahani yake akaitazama kidogo kabla ya kula. Hajawahi kula kwangu tangu mazishi, na zamani alikuwa mtu wa kula kwangu kila Jumamosi. Nikamsubiri amalize, kisha nikamwambia mimi ni mtu wa kauli yangu. Jumatatu nakwenda barazani nafuta kesi.

Akaweka sahani chini.

"Usithubutu."

Nikamwambia tulikubaliana. Akasema hakukubaliana na mtu, aliniambia kesi ni kesi na maji ni maji, na mimi ni mgumu wa kusikia tangu usichana. Vitus alifuta mikono kwenye koti lake la misa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, na aliponena tena hakuwa ananitazama mimi, alilitazama kovu la lile tawi.

"Ebenezer hayupo. Ukienda Kibaha na wewe, baraza litanipa mti huu bila mtu wa kunipinga. Nitakaa chini yake na nani?"

Nilichukua sahani yake nikaijaza mpaka ikamwagika, nikamkabidhi.

"Kula, mlalamikiwa."

"Asante, mlalamikaji."

Kesi yetu inatajwa tena mwezi ujao. Nimeshamwambia Careen siku hiyo asinipokelee wageni.